Udodi, Simu na Waya: Metali Inayonyumbuka katika Historia ya Njia ya Tabora

Utangulizi

Tangu mwanzo wa karne ya 21, tawi jipya la uhandisi limejipatia nafasi kubwa katika maabara za dunia. Tawi hilo hushughulika na vifaa vya elektroniki vilivyo laini, ambavyo huweza kupindwa, kukunjwa na kuvutwa bila kukatika, pamoja na roboti ambazo viungo vyake vimeundwa kwa mpira badala ya chuma kigumu. Mwanafunzi wa Kiswahili anayekutana na taaluma hii kwa mara ya kwanza huiona kuwa ngeni kabisa kwa lugha yake. Hudhani kwamba kazi pekee iliyobaki kwa wataalamu wa istilahi ni kuyapokea maneno ya kigeni na kuyavisha viambishi vya Kiswahili.

Dhana hiyo ina sehemu ya ukweli, kwa kuwa transista na saketi hazikubuniwa Afrika ya Mashariki. Hata hivyo, swali la msingi la taaluma hiyo ni la zamani kuliko umeme wenyewe. Metali ni kitu kigumu, na mwili wa mwanadamu ni kitu laini ambacho hukunjwa na kukunjuliwa kutwa nzima. Yafanyike nini ili kitu cha kwanza kikae juu ya cha pili bila kuvunjika na bila kuumiza? Katika karne ya 19 mafundi wa Unyamwezi walilijibu swali hilo kwa mikono yao, na Kiswahili cha misafara kilikuwa na maneno ya kuutaja ufundi wa aina hiyo. Mhadhara huu unaufuatilia waya katika njia ya Tabora, na unadai kwamba maneno hayo yalisahauliwa kwa sababu ya namna ufundi wenyewe ulivyoainishwa. Kilichokuwa ufundi wa madini kiliandikwa katika orodha ya mapambo, na huko kikabaki.

Isevya na njia ya misafara

Isevya leo ni mojawapo ya kata za Manispaa ya Tabora. Mtu apitaye hapo hukutana na maisha ya kawaida ya mji wa bara: nyumba, maduka, na watoto waendao shule. Lakini ardhi ya mji huo ilikuwa kitovu cha Unyanyembe, mahali ambapo njia kuu kutoka pwani iligawanyika. Tawi moja lilielekea magharibi hadi Ujiji na Ziwa Tanganyika, jingine lilielekea kaskazini hadi Karagwe na Buganda, na mengine yalishika kusini-magharibi kuelekea nchi za Kongo. Msafiri Mwingereza Richard Burton pamoja na mwenzake John Speke walifika Kazeh, katika eneo hili la Tabora, mwezi Novemba 1857. Waliwakuta wafanyabiashara wa Kiarabu na wa Kiswahili wakiwa wamekwisha kujenga matembe yao, na Wanyamwezi wakiwa wapagazi na wafanyabiashara wenye sifa iliyoenea hadi pwani.

Bidhaa zilizopanda kutoka pwani zilikuwa za aina nyingi, lakini tatu kati yake zilitumika kama fedha: nguo, ushanga na waya. Nguo, kama vile merikani na kaniki, zilipimwa kwa mkono na kwa doti. Ushanga ulihesabiwa kwa nyuzi, na kila nchi ilikuwa na rangi iliyoipenda. Waya ulipimwa kwa frasila, kipimo cha ratili 35 hivi, yaani karibu kilo 16. Mapindi ya waya yalifungwa kwenye ncha mbili za mti na kubebwa begani kwa mtindo wa mzegamzega, kwa kuwa mzigo huo mdogo kwa umbo ulikuwa mzito mno kuweza kuwekwa kichwani kwa masafa marefu.

Henry Morton Stanley, alipokuwa akijiandaa Zanzibar mwaka 1871 kwenda kumtafuta Livingstone, alinunua frasila 10 za waya wa shaba ya manjano. Katika kitabu alichokitoa baada ya safari hiyo alieleza kwamba waya uliofaa kwa biashara ulikuwa wenye unene unaokaribia ule wa waya wa simu za maandishi. Alieleza pia kwamba, iwapo ushanga ulikuwa sawa na sarafu za shaba na nguo sawa na fedha, basi katika nchi zilizo ng'ambo ya Tanganyika waya ulihesabiwa kuwa dhahabu. Ni vyema ieleweke kwamba dhahabu hiyo haikununua chakula na pembe za ndovu tu. Katika njia hiyo hiyo bidhaa za pwani zilibadilishwa pia kwa watu. Historia ya waya wa Tabora haiwezi kutengwa na historia ya utumwa, na yeyote atakayeisimulia kama hadithi ya ufundi mtupu atakuwa ameipunguza.

Masango, chamburo na udodi

Swali linalowahusu wanafunzi wa lugha ni hili: waya huo mnene ulipofika bara, ulifanywa nini? Kamusi za kale za Kiswahili zinatunza sehemu ya jibu. Neno masango lilitaja waya mnene wa biashara, ule uliosafirishwa kwa mapindi. Neno chamburo lilitaja bamba la chuma lenye matundu, ambalo fundi alilitumia kuvutia waya ili uwe mwembamba. Neno udodi, ambalo wingi wake ni dodi, lilitaja waya mwembamba sana wa shaba, wa shaba ya manjano au wa chuma, uliotumiwa kutengenezea vikuku na mapambo mengine. Maneno haya matatu yakisomwa pamoja ni maelezo mafupi ya mchakato mzima: mali ghafi, kifaa na zao lake.

Kanuni ya kazi hiyo ni rahisi kueleza, ingawa si rahisi kuitenda. Ncha ya waya huchongwa na kupenyezwa katika tundu lililo dogo kidogo kuliko waya wenyewe, kisha huvutwa kwa nguvu upande wa pili. Waya hutoka ukiwa mrefu zaidi na mwembamba zaidi. Hupitishwa tena katika tundu dogo kuliko lile la kwanza, na tena katika dogo zaidi. Kila unapovutwa, shaba huwa ngumu na huelekea kukatika, kwa hiyo fundi hana budi kuirudisha motoni ili ilegee kabla ya kuendelea. Fundi asiyejua ni lini aurudishe waya motoni hupata vipande vipande badala ya udodi.

Baada ya hapo ilifuata hatua ya pili, iliyo muhimu zaidi kwa mada hii. Waya mwembamba ulizungushwa, pindi kwa pindi, kuzunguka kiini laini: usinga wa mkia wa twiga au wa ndovu, manyoya ya mbuzi, au nyuzi za magome ya miti. Zao lake lilikuwa kikuku chembamba chenye kung'aa, ambacho kilipindika kama kamba. Burton na Speke waliviandika vikuku vya aina hii kwa jina la sambo, na vilivaliwa kwa wingi miguuni, kimoja juu ya kingine. Vilikuwapo pia vikuku vya masango yenyewe, vilivyokazwa mkononi kama mapindi ya springi. Hivyo vilikuwa vizito na vigumu, na mvaaji hakuweza kuvivua kwa urahisi.

Tofauti kati ya aina hizo mbili za vikuku inaweza kuelezwa kwa hesabu ndogo. Waya unapopindwa, uso wake wa nje huvutika na uso wake wa ndani hubanwa. Kadiri waya unavyokuwa mnene, ndivyo uso wa nje unavyovutika zaidi. Waya wenye unene wa milimita 4 ukipindwa kuzunguka kiungo chenye nusu kipenyo cha milimita 30, uso wake wa nje huvutika kwa zaidi ya asilimia 6. Waya wenye unene wa milimita 0.4 ukipindwa vivyo hivyo, uso wake huvutika kwa chini ya asilimia 1. Metali ni ile ile. Kilichobadilika ni unene. Na waya huo mwembamba unapokuwa umezungushwa kwenye usinga, kikuku kinapopinda mapindi yake hufunguka kidogo upande mmja na kukaribiana upande wa pili, na kila pindi hubeba sehemu ndogo tu ya mabadiliko yote. Usinga ulio ndani hushika umbo na kuzuia mapindi yasitawanyike. Kwa maneno mengine, fundi alikuwa amegundua njia mbili za kuifanya metali inyumbuke: kuifanya nyembamba, na kuipa umbo la mzunguko juu ya kiini kilicho laini.

Shaba ya Katanga

Si shaba yote ya Unyamwezi iliyotoka pwani. Nyingine ilitoka magharibi, katika machimbo ya Katanga, ambako shaba iliyeyushwa na kumiminwa katika vipande vyenye umbo la msalaba. Wafanyabiashara wa Unyamwezi na Usumbwa waliifuata shaba hiyo tangu nusu ya kwanza ya karne ya 19. Miongoni mwao alikuwa Kalasa, na mwanawe, aliyejulikana baadaye kwa jina la Msiri, alihamia huko na kuasisi dola ya Garenganze ambayo makao yake makuu yalikuwa Bunkeya. Watu wake walikuja kuitwa Wayeke.

Msiri aliuawa tarehe 20 Desemba 1891 na afisa wa msafara ulioongozwa na William Stairs kwa niaba ya dola ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, msafara ambao ulikuwa umepita Tabora ukitokea pwani. Kifo hicho kiliivunja dola, lakini hakikuukomesha ufundi mara moja. Mwaka 1926 mmisionari Mbenediktini Jean-Félix de Hemptinne alichapisha maelezo ya wafua shaba wa Katanga, ambao jina lao likifasiriwa ni "wala shaba". Wayeke walisifika hasa kwa kuvuta waya mwembamba na kuutengeneza vikuku. Kwa hiyo ufundi wa udodi ulikuwa umevuka Ziwa Tanganyika pamoja na watu wa asili ya Unyamwezi, ukafika mahali penye madini yenyewe.

Hapa pana jambo la kuzingatiwa. Katanga ni miongoni mwa maeneo makuu ya shaba duniani hadi leo, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ndiyo nchi inayoongoza kwa uzalishaji wa kobalti inayotumika katika betri. Malori yaliyobeba shaba hiyo hupita Zambia na Tunduma hadi bandari ya Dar es Salaam. Njia imebadilika na wabebaji wamebadilika, lakini mwelekeo wa mzigo umebadilika zaidi. Katika karne ya 19 sehemu ya shaba ya Katanga ilifanyiwa kazi na mafundi wa bara na kuvaliwa na watu wa bara. Sasa huondoka ikiwa mali ghafi na kurudi ikiwa ndani ya simu ya mkononi.

Simu iliyotandazwa na waya uliovaliwa

Wakati Wanyamwezi walipokuwa bado wakivuta udodi, waya wa aina nyingine ulikuwa ukikaribia kutoka baharini. Mwaka 1879 kebo ya chini ya bahari kutoka Aden ilifika Zanzibar, ikaendelea kusini hadi Msumbiji na Durban. Kwa mara ya kwanza habari ziliweza kusafiri kati ya Zanzibar na London bila kungojea meli. Kebo za wakati huo zilikuwa na kiini cha nyaya za shaba zilizosokotwa pamoja, na kiini hicho kilifunikwa kwa utomvu wa miti ya Asia ya Kusini-Mashariki uitwao gutapecha, ambao huzuia umeme na hulegea bila kupasuka. Ukiitazama kwa jicho la fundi wa udodi, kebo hiyo ilikuwa kinyume cha kikuku. Katika kikuku kilicho laini kimo ndani na metali imo nje. Katika kebo metali imo ndani na kilicho laini kimo nje. Sababu ya kuviunganisha viwili hivyo ilikuwa ile ile kwa sehemu kubwa: kila kimoja kilifanya kile ambacho mwenzake hakukiweza.

Kebo hii iliambatana na neno. Wanazuoni wengi hulihusisha neno simu na neno la Kiajemi sim, ambalo maana yake ni fedha na pia uzi wa madini. Katika Kiswahili neno hilo lilitumika kwanza kwa waya wa kupelekea habari na kwa habari yenyewe iliyopelekwa, ndiyo maana wazee walisema "kupiga simu" wakimaanisha kupeleka maandishi. Baadaye likahamia kwenye chombo cha kuzungumzia, na mwishoni mwa karne ya 20 likahamia kwenye chombo cha mkononi ambacho hakina waya hata mmoja. Neno lililoanza na maana ya uzi wa madini limeishia kukitaja chombo ambacho sifa yake kuu ni kutokuwa na uzi.

Udodi haukupata safari kama hiyo. Tofauti ya hatima ya maneno haya mawili inaonekana wazi katika tukio la nchi jirani. Katika miaka ya mwisho ya karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, Waingereza walipokuwa wakijenga reli ya Uganda, Wanandi waliopinga ujenzi huo walikata nyaya za simu zilizotandazwa kando ya njia na kuzigeuza mapambo ya mwilini. Maofisa wa serikali waliandika kwamba huo ulikuwa wizi na uasi. Kwa hakika ulikuwa uasi, nao uliendelea hadi alipouawa kiongozi wao Koitalel arap Samoei mwaka 1905. Lakini ndani ya mgogoro huo kulikuwa na usomaji wa aina mbili wa kitu kimoja. Kwa mwenye reli, waya ulikuwa njia ya habari na mahali pake palikuwa juu ya nguzo, umevutwa na kukazwa. Kwa mfua vyuma wa bara, waya ulikuwa kitu cha kufanyiwa kazi na mahali pake palikuwa mwilini, umezungushwa na kulegezwa. Aliyeshinda ndiye aliyeandika maana ya neno katika kumbukumbu za serikali.

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912. Wapagazi waliokuwa wakibeba masango walipoteza kazi ile, na waya ukaacha kuwa fedha. Vikuku vilivyokusanywa na maofisa na wasafiri wa kikoloni viliwekwa katika makumbusho ya Ulaya kwenye sehemu za mapambo na mavazi. Kamusi nazo zilifuata mkondo huo: udodi ukafafanuliwa kwa matumizi yake, yaani kutengenezea vikuku, bila kueleza sifa iliyoufanya ufae kwa kazi hiyo. Baadaye neno waya, lililotoka katika Kiingereza, lilichukua nafasi ya masango na udodi kwa pamoja. Tofauti kati ya waya unaobaki mgumu na waya unaonyumbuka ikapotea katika matumizi ya kila siku.

Elektroniki nyumbufu

Karibu karne moja baada ya reli kufika Tabora, swali la kale lilirudi katika maabara. Vifaa vya elektroniki vya karne ya 20 vilijengwa juu ya vipande vya silikoni, madini ambayo ni nusu-kipitishi bora lakini ni magumu na huvunjika kama kioo yakivutwa kwa kiasi cha asilimia 1 tu. Ngozi ya mwanadamu huvutika mara nyingi zaidi ya hapo. Kifaa kigumu kikiwekwa juu ya ngozi hubanduka, hukwaruza, au hupima vibaya.

Watafiti waliliendea tatizo hilo kwa njia kadhaa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, katika Chuo Kikuu cha Princeton, Stéphanie Lacour, Siegfried Wagner na wenzao walionyesha kwamba utando mwembamba wa dhahabu uliowekwa juu ya mpira huendelea kupitisha umeme hata mpira unapovutwa. Nchini Japani, Takao Someya na wenzake wa Chuo Kikuu cha Tokyo walitengeneza utando wa kielektroniki wenye kuhisi mgandamizo, ambao ungeweza kufunika mkono wa roboti kama ngozi. Mwaka 2006 kikundi cha John Rogers katika Chuo Kikuu cha Illinois, nchini Marekani, kilichapisha matokeo yaliyogusa kiini cha jambo. Walichukua silikoni ile ile inayovunjika, wakaifanya kuwa tepe nyembamba mno kuliko unywele, wakazibandika juu ya mpira uliokuwa umevutwa, kisha wakauachia mpira urudi. Tepe zilijikunja mawimbi mawimbi. Mpira ulipovutwa tena, mawimbi yalinyooka badala ya silikoni kukatika.

Kanuni ni ile iliyokwisha kuelezwa: unene upunguzwe, na umbo lipewe nafasi ya kufunguka. Mawimbi ya tepe yanafanya kazi ambayo mapindi ya udodi yaliifanya, na mpira umeshika nafasi ya usinga. Hili lisichukuliwe kuwa madai kwamba Wanyamwezi walivumbua elektroniki. Kikuku hakikupitisha habari wala hakikuunganishwa na chanzo cha umeme, na watafiti wa Illinois hawakuwa wanafunzi wa mafundi wa Tabora. Linalodaiwa ni dogo zaidi, na lina uhakika zaidi: watu waliokabiliwa na tatizo moja la kimaumbile walifikia suluhisho la aina moja, na wale waliotangulia walikuwa na lugha ya kulizungumzia.

Katika roboti laini mambo ni hayo hayo. Katika miaka ya 1950 mwanafizikia Mmarekani Joseph McKibben aliendeleza msuli wa bandia kwa ajili ya binti yake aliyepooza kwa polio: bomba la mpira lililofunikwa kwa msuko wa nyuzi. Hewa ikiingia, mpira hutaka kufura, na msuko huugeuza mfuro huo kuwa mkazo wa kufupisha bomba. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walionyesha roboti ya mpira inayotambaa kwa nguvu ya hewa, na mwaka 2016 chuo hicho kilitoa roboti yenye umbo la pweza isiyokuwa na kiungo kigumu hata kimoja.

Manufaa ya taaluma hii yamekwisha kuifikia Afrika ya Mashariki. Mwaka 2019 Rogers na wenzake, ambao wakati huo walikuwa Chuo Kikuu cha Northwestern, walieleza vipimo laini visivyo na nyaya za nje, vinavyobandikwa juu ya ngozi ya watoto wachanga waliozaliwa kabla ya wakati. Ngozi ya watoto hao ni nyororo mno kiasi kwamba gundi na nyaya za mashine za kawaida huweza kuijeruhi, na wingi wa nyaya humzuia mama kumpakata mwanawe. Mwaka 2022 ulichapishwa uchunguzi uliofanywa Nairobi, ambapo vipimo vya aina hiyo vililinganishwa na mashine zilizozoeleka katika kufuatilia mapigo ya moyo na upumuaji wa watoto wachanga. Muuguzi anayekibandika kifaa hicho anahitaji kumweleza mama ni kitu gani kinachowekwa juu ya kifua cha mtoto. Mara nyingi atamweleza kwa Kiswahili.

Mnyumbuliko wa lugha

Ni hapo ambapo historia ya waya inakuwa suala la lugha. Wanafunzi wa sarufi wanalijua vizuri neno mnyumbuliko: ni namna shina la kitenzi linavyopokea viambishi na kuzaa maneno mapya bila kupoteza asili yake. Neno hilo limetokana na kitenzi nyumbua, kinachotaja kukipinda au kukivuta kitu chenye kulegea bila kukivunja. Wanasarufi walilichukua neno la vitu na kulitumia kwa vitenzi. Wataalamu wa istilahi za uhandisi sasa wanalirudisha kwenye vitu wanaposema kifaa nyumbufu.

Lakini kivumishi kimoja hakitoshi. Kifaa kinachopindika si lazima kivutike, na kinachovutika si lazima kibonyee. Karatasi hupindika na haivutiki. Mpira huvutika na kurudi. Udongo wa mfinyanzi hubonyea na haurudi. Kiswahili kina kauli ya kutendeka inayozitofautisha hali hizo kwa wepesi, na msamiati wa mafundi, wasusi na wafinyanzi umejaa vitenzi vyake. Kwa upande wa nomino, udodi ungefaa kuwa istilahi ya kipitishi chembamba kilichozungushwa au kukunjwa ili kiweze kunyumbuka, na chamburo lingefaa kwa bamba la kuvutia waya ambalo viwanda vya nyaya vinalitumia hadi leo kwa kanuni ile ile. Mapendekezo haya hayahitaji kubuni neno jipya. Yanahitaji tu kuyahamisha maneno kutoka katika fungu la mapambo hadi katika fungu la ufundi.

Pingamizi linaloweza kutolewa ni kwamba neno lililokufa halifufuki kwa amri. Pingamizi hilo ni zito. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa mwaka 1990 kamusi ya istilahi za biolojia, fizikia na kemia, lakini shule nyingi za sekondari nchini Tanzania zimeendelea kufundisha sayansi kwa Kiingereza, na istilahi zisizotumika darasani hubaki vitabuni. Hata hivyo historia ya neno simu inaonyesha kwamba neno huishi pale linapopewa kitu kipya cha kutaja katika wakati ambao watu wanakihitaji. Simu halikuokolewa na kamusi. Liliokolewa na kebo, kisha na mashine ya kuzungumzia, kisha na chombo cha mkononi, na kila mara wasemaji walilinyoosha kidogo.

Hitimisho

Historia iliyoelezwa hapa inaacha kazi ya aina tatu. Kazi ya kwanza ni ya watafiti wa lugha: kukusanya kutoka kwa wazee na mafundi wa Tabora, Nzega, Kahama na Bunkeya maneno ya kufua, kuvuta na kuzungusha waya katika Kinyamwezi, Kisumbwa, Kiyeke na Kiswahili, na kuyalinganisha na yale yaliyomo katika kamusi za kale. Kazi ya pili ni ya watunga kamusi: kuufafanua udodi kwa sifa yake ya kimaumbile pamoja na matumizi yake, ili msomaji ajue kwa nini waya huo ulifaa kuvaliwa. Kazi ya tatu ni ya walimu wa sayansi. Mwanafunzi wa Isevya anapofundishwa kwamba metali nyembamba iliyozungushwa hunyumbuka kuliko metali nene iliyonyooka, anaweza kuelezwa kwamba jambo hilo lilijulikana katika nchi yake kabla ya reli kufika, na kwamba liliandikwa kuwa urembo na watu ambao hawakuuliza lilifanywaje. Hesabu ya unene na nusu kipenyo iliyotolewa hapo juu inaweza kufanywa ubaoni kwa dakika chache, na kipande cha waya wa shaba pamoja na unywele wa mkia wa ng'ombe vinatosha kuithibitisha.